Nguzo za Mawe na Malango ya Chuma Katika Milima ya Usambara

Ukiiacha njia kuu pale Mombo ukaanza kupanda kwenda Lushoto, mbele yako una mwendo wa kilomita 33 tu, lakini ni mwendo wa kuingia nchi nyingine. Joto la mashamba ya mkonge hubaki chini. Barabara hujipinda ubavuni mwa mlima. Maporomoko ya Soni hunguruma kando ya njia. Na kabla hujaufikia mji wenyewe umekwisha kutafuta nguo ya kujifunika. Wengi wetu tukipita huko hutazama migomba, mashamba ya kabichi na ukungu. Mimi safari hii nilikwenda kutazama malango.

Sikukusudia malango ya mji, kwa kuwa Lushoto haina ukuta. Nasema malango ya zile nyumba kubwa za mashamba, walizozijenga Wadachi na baada yao masetla wa mataifa mengine, mbali na mji, juu ya vilima vyenye upepo mzuri. Desturi yake ni nguzo mbili za mawe, ndefu kuliko mtu aliyesimama, zenye kofia ya jiwe la bapa au tufe juu yake. Na baina ya nguzo hizo mbawa mbili za chuma kilichofuliwa, chenye fito zilizosimama na mapindo mithili ya pembe za kondoo dume. Leo mara nyingi utazikuta nguzo peke yake. Hakuna mbawa, hakuna ua, hakuna bwana. Mbuzi hupita kando yake kwa raha, na mgeni husimama akajiuliza: lango hili ni la kuingilia wapi?

Swali hilo nataka kulijibu kwa kadiri ya uwezo wangu, maana nguzo hizo zinapungua mwaka hata mwaka, na chuma chake chauzwa kwa kilo.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba desturi hii si ya hapa. Imetoka Ulaya, kwa watu wenye ardhi nyingi, waliojenga nyumba zao kubwa katikati ya mashamba na kuweka lango mbali kabisa na nyumba, pengine mwendo wa robo saa kwa miguu. Mfuachuma aliyesifika sana katika kazi hiyo ni Jean Tijou, Mfaransa, aliyefanya kazi Uingereza mwishoni mwa karne ya 17 katika jumba la kifalme la Hampton Court, na mwaka 1693 akachapisha kitabu cha michoro yake. Malango yake yana majani, maua na taji, yote kwa nyundo na moto. Wenye mali wakaiga, na walioiga wakaigwa, hata desturi ikavuka bahari pamoja na watu.

Sasa tuulize: lango la namna hii lilikuwa la kazi gani? Kwa kumzuia adui halifai, maana fito zake zina nafasi na ukuta wake aghalabu ni mfupi. Kwa kumsitiri aliye ndani pia halifai, maana mtu aliye nje huona njia nzima, miti iliyopandwa pande mbili, na nyumba kule mwisho. Na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Limewekwa ili mpita njia aone, kisha asiingie.

Hapa tofauti na milango yetu ya pwani ni kubwa. Mlango wa nakshi wa Unguja, wa Pangani au wa Lamu ni ubao mzito usiopenyeka kwa jicho. Ukifungwa, wa ndani ni wa ndani na wa nje ni wa nje. Baraza liko mbele yake, mgeni hukaa hapo, na sauti ya hodi humfikia mwenye nyumba hata akiwa uani. Nasi Waislamu tumefunzwa katika Surat An-Nur kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, basi hurudi bila kinyongo. Adabu hiyo yataka sauti ifike. Lakini hebu simama penye lango la chuma lililo hatua mia tano kutoka nyumbani upige hodi! Hapana wa kukusikia. Kwa hiyo lango la namna hiyo haliwezi kuwa bila bawabu, na bawabu ndiye anayeamua nani ni mgeni na nani si mtu.

Wala tusidhani ya kwamba watawala wa kwetu hawakuvutwa na mambo hayo. Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alizuru Uingereza mwaka 1875, akatembezwa na kuonyeshwa mengi. Miaka michache baadaye alijenga jumba lake la Maruhubi nje ya mji wa Unguja, akalizungushia ukuta mkubwa, na watu husema kuta hizo alizifananisha na zile alizoziona katika mashamba ya wakubwa wa Kiingereza. Jumba liliungua mwaka 1899. Nguzo zake za mawe zingali zimesimama hata leo baina ya minazi, nazo nazo hazishiki dari lolote.

Basi turudi milimani. Usambara kabla ya Wadachi ilikuwa na mji mkuu wake, Vuga, mji wa Wakilindi, uliosimama tangu enzi za Mbegha katika karne ya 18. Mnamo Februari 1857 walipanda huko Waingereza wawili, Burton na Speke, wakitokea Pangani. Walichokiona juu ya kilima ni kundi la nyumba za majani lisilo na ua wala boma. Mji wa mfalme aliyetiiwa na watu wa milima na nyika, na hauna lango! Lakini wasifikiri mtu kwamba ulikuwa wazi. Wageni wale hawakuruhusiwa kulala humo. Walipewa vibanda vinne vilivyochakaa chini ya mji, na ilipofika jioni ndipo wakapelekwa mbele ya Kimweri, naye ni mzee sana na mgonjwa. Kimweri alitaraji kwamba Mzungu huyu anayo dawa ya kumrudishia nguvu za ujana. Dawa hiyo haikuwamo mizigoni.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu moja. Vuga ilifungwa kwa desturi, na desturi hiyo kila mtu aliijua, mwenyeji na mgeni, hata nguzo hazikuhitajika. Mpaka wa shamba nao ulijulikana vivyo hivyo: kwa mti, kwa kijito, kwa neno la wazee. Na ardhi iliyopumzishwa miaka kadhaa ili irudishe rutuba ilikuwa na wenyewe, ijapokuwa macho ya mgeni yaliiona ni pori.

Hilo neno "pori" ndilo lililoleta malango. Mwaka 1895 serikali ya Kidachi ilitoa amri kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Nani atathibitisha kwamba ardhi inayopumzika ina mwenyewe, na kwa karatasi gani? Kampuni na watu binafsi wakagawiwa milima. Upande wa mashariki, Derema na jirani zake, tangu mwaka 1891 ilikuwa imepandwa mibuni kwa matumaini makubwa. Lakini udongo ule wa msituni, unaoonekana mweusi na wenye neema, huchoka upesi miti ikishakatwa, na maradhi ya majani yakaimaliza mibuni. Miaka haikuwa mingi kahawa ikawa imeshindwa, na fedha nyingi zikateremkia nyikani kwenye mkonge, mmea ambao Dokta Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai. Magharibi, penye baridi zaidi, ndipo Wazungu walipopapenda kuishi. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, wakapafanya mahali pa kupungia hewa wakati Dar es Salaam na Tanga zinapochemka.

Mmoja wa waliokuja kukaa huko ni Tom von Prince, askari aliyepigana na Mkwawa wa Uhehe. Watu walimwita Bwana Sakarani. Alipoacha uaskari alifungua shamba karibu na Soni, na jina lake la utani likawa jina la shamba: Sakharani. Msomaji ajuaye Kiswahili hahitaji kuelezwa maana ya sakarani, na inasemekana Wadachi waliifasiri kuwa ni mtu aliyelewa vita. Huenda. Aliuawa katika mapigano ya Tanga tarehe 4 Novemba 1914. Shamba lipo hata sasa, nalo ni la watawa wa Kibenediktini, na watu hulijua zaidi kwa karanga za makadamia kuliko kwa vita vya Uhehe.

Hebu tufikiri namna nguzo mbili za lango zinavyosimamishwa mahali kama hapo. Jiwe la Usambara si matumbawe ya pwani, ambayo fundi huyachonga kwa tezo yangali laini. Ni jiwe kongwe, gumu, lenye mistari, linalopasuliwa kwa kabari na nyundo nzito, na kila uso wake hulainishwa kwa patasi siku nyingi. Matumbawe ya kuchomea chokaa hayapo milimani. Chokaa na baadaye saruji vililazimika kupandishwa. Chuma nacho kilitoka ng'ambo kwa meli mpaka Tanga. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 lakini haikufika Mombo mpaka mwaka 1905, kwa hiyo kabla ya hapo mizigo ilikwenda kwa vichwa na mabega. Na baada ya hapo vilevile, kutoka Mombo kupanda juu, mlima haukupungua urefu kwa sababu ya gari la moshi. Ubawa mmoja wa lango kubwa waweza kuwa mzito kuliko watu wawili wazima. Naomba kila aonaye lango la aina hii alione kwanza likiwa mabegani.

Mabega hayo yalipatikanaje? Washambaa walikuwa na mashamba yao, na hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakapalilie ya mwingine kwa ujira mdogo. Basi katika wilaya ya Wilhelmstal, mwanzoni mwa karne ya 20, kulitolewa kadi ya kazi: kila mwanamume mzima alipaswa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa mshahara uliopangwa. Asiyeijaza kadi yake alichukuliwa kwenda kazi za serikali. Hivyo ndivyo barabara zilivyochimbwa, misitu ikafyekwa, na mawe yakapangwa.

Na kuna jambo linalosahauliwa sana. Vijana wetu huambiwa, nao husadiki, kwamba ufundi wa chuma uliletwa na meli. Haya si kweli hata kidogo. Washana, wahunzi mashuhuri wa Upare na Usambara, walikuwa wakifua chuma kabla ya jina la Udachi kutajwa. Upare walikusanya mchanga mweusi wa chuma ulioletwa na maji ya mvua katika vijito, wakauyeyusha katika tanuri za udongo kwa makaa ya miti, huku mivukuto ya ngozi ikipuliza. Majembe yao yalifika masoko ya milima yote, na jembe lilikuwa mali hata katika mahari. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa. Nyundo yake ilikuwa na maneno yake.

Sasa tazama: chuma cha lango zuri la Kizungu ni cha kufuliwa, hakikusubiwa. Cha kusubu humiminwa kama uji ndani ya kalibu, kikapoa, kikawa kizito na chepesi kuvunjika. Cha kufuliwa huchomwa kikawa chekundu, kikawekwa juu ya fuawe, kikapigwa, kikakunjwa, vipande viwili vikaungwa kwa kupigwa vikiwa na moto mweupe, au vikafungwa pamoja kwa pete ya chuma. Ndiyo kazi ile ile ya Mshana. Ukikivunja chuma cha zamani cha namna hiyo utaona ndani yake nyuzi nyuzi, mithili ya mkonge. Mshana aliyepita mbele ya lango la setla alikuwa na haki ya kulikosoa.

Tuendelee. Malango yaliwekwa kana kwamba wenyewe watakaa milele. Lakini mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza yaliingia Wilhelmstal, Wadachi wakaondolewa, mashamba yao yakauzwa kwa jina la mali ya adui, na Lushoto ikarudishiwa jina lake. Wakanunua Waingereza, Wagiriki, Wahindi. Mwaka 1925 Wadachi wakaruhusiwa kurudi, na wengine wakarudi. Mwaka 1939 vita vikazuka tena, wakakamatwa, wakapoteza tena. Nguzo zilibaki pale pale zikibadilishiwa majina. Wakati huo nje ya malango watu waliongezeka, na mashamba ya wageni pamoja na misitu ya serikali yalikuwa yamekwisha kuwabana juu ya miteremko. Udongo ukateremka na mvua. Serikali ya Kiingereza ikaja na mpango wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta. Wakulima, hasa akina mama waliobebeshwa jembe hilo, walichukizwa nao, ukapingwa, na mwaka 1957 ukaachwa. Uhuru ulikuja mwaka 1961. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa milele ukafutwa, ukageuzwa kuwa wa kupanga kwa muda. Mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa. Na kwa sheria za mwaka 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Hati aliyokuwa nayo yule aliyesimamisha nguzo haina nguvu tena popote. Nguzo zenyewe zimeishinda hati.

Na hapa ndipo pana jambo la kutuhuzunisha, nami nataka wasomaji wetu walijue vizuri. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hulinda pia milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940. Na waliotunga sheria walikuwa na hekima, maana milango ya pwani ilikuwa ikinunuliwa na kupakiwa melini. Lakini nguzo ya jiwe ya mwaka 1905 huko Usambara si ya kabla ya 1863, na ubawa wa chuma si mbao, wala mapindo yake si nakshi za Mashariki. Imepita katikati ya maneno ya sheria kama mbuzi apitavyo kando ya nguzo. Isipokuwa Waziri aitangaze mahsusi, hapana kinachomzuia mtu kuing'oa leo jioni.

Naye anayeing'oa yupo. Mnunuzi wa chuma chakavu hupanda na mizani yake, hulipa taslimu, wala haulizi kipande hiki kimefuliwa na nani. Siwezi kumlaumu sana mwenye shida akiuza. Hata Waingereza wenyewe, katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, waliyang'oa malango na vyuma vya nyua zao kwa maelfu ili viyeyushwe kwa silaha, na leo wanajuta. Ila yapasa ajue anachokiuza. Kiwanda cha mwisho cha Kiingereza kilichotengeneza chuma cha kale cha kufuliwa, kule Bolton, kilifungwa mwaka 1973. Kinachouzwa madukani leo kwa jina hilo ni chuma kingine, kisicho na nyuzi, kinacholiwa na kutu upesi zaidi. Mzani haujui tofauti hiyo.

Kutu yenyewe ni adui wa nguzo kuliko mnunuzi. Bawaba za lango hizi hushikizwa ndani ya jiwe, tundu likijazwa risasi iliyoyeyushwa. Maji yakiingia, chuma kilicho ndani hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Basi husukuma, husukuma, miaka ishirini, thelathini, mpaka jiwe gumu la Usambara likapasuka kwa ndani. Mwenye nyumba huona ufa akaita fundi, na fundi huuziba kwa saruji ngumu. Kazi inang'aa siku mbili. Lakini maungio ya kale ni ya chokaa, nayo hupumua. Saruji haipumui, huyafungia maji ndani, na ufa wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Dawa yake ni kuondoa kutu kwa brashi ya waya, kupaka rangi ya kuzuia kutu hata kwenye pembe zisizoonekana, kutia mafuta penye ncha inayozungukia, na kuziba maungio kwa chokaa. Ni kazi ya Jumamosi moja kwa mwaka. Wanaosoma ukurasa huu na wana lango lolote la chuma nyumbani, hata la juzi, na wajaribu.

Nitamalizia kwa yale niliyoyaona. Juu ya Soni, mahali nisipopataja kwa kuwa wenyewe wameniomba hivyo, ziko nguzo mbili katika shamba lililogawanywa zamani. Nguzo moja imo katika mpaka wa jamaa hii, ya pili katika mpaka wa jamaa ile. Nyumba kubwa imebaki msingi, na juu ya msingi pana mahindi. Ubawa mmoja haujulikani ulikokwenda. Wa pili ulikuwa umelazwa kwenye zizi la mbuzi.

Nilimkuta mzee mmoja, shikamoo yangu akaipokea kwa furaha, akanikaribisha kwenye gogo. Alinieleza kuwa babu yake alikuwa miongoni mwa waliopasua mawe ya nguzo zile na kuyapandisha kutoka kijitoni, siku thelathini zake za kadi zikiishia hapo. Na baba yake, aliyezaliwa kambini mwa vibarua humo humo, hakuruhusiwa kupita katikati yake. Watoto wa vibarua walipita njia ya nyuma, penye matope, wakazunguka zizi la ng'ombe. Lango la mbele lilikuwa la farasi, la motokaa na la wageni.

"Hata kuligusa, baba?" nikamwuliza.

"Kuligusa walilisugua kila Ijumaa, mwanangu," akajibu. "Kulipita ndiko kulikokatazwa."

Wiki chache kabla ya mimi kufika, mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amepita akautazama ubawa ule wa zizini. Vijana walitaka kuuza, na si kwa ubaya: ada za shule zilikuwa zimekaribia. Mzee aliwaita wa jamaa zote mbili, akaketi nao baina ya nguzo. Hakuwakataza. Aliwaambia hesabu ya mawe, akaonyesha kwa kidole: tabaka hili la babu yenu fulani, hili la fulani, hili la yule aliyeangukiwa kidole. Kisha akawaambia wapange bei wao wenyewe, wakimaliza wamwambie. Bei haikupangwa siku ile. Mjukuu wake mmoja, anayejifunza ufundi wa kulehemu mjini Lushoto, akauomba ubawa ule autazame, akaukung'uta kinyesi cha mbuzi, akagundua kwamba mapindo yake hayakulehemiwa popote. Yote yamefungwa kwa pete. Akaenda kumwita mwalimu wake.

Nilipokuwa naondoka jua lilikuwa linashuka upande wa nyika, na adhana ya Magharibi ikasikika kutoka bondeni. Njia fupi ya kwenda msikitini hupita kando, chini ya nguzo ya kushoto, ndiyo waliyoifuata vijana mbio mbio. Mzee alishika fimbo yake, akazunguka kwa juu penye nyasi ndefu, akapita katikati.